Unyevu Chini ya Tuta

Mwaka wa uhuru Wazungu wengi waliondoka Kisangani kwa haraka. Mmoja wao, mwenye shamba la kahawa kwenye barabara ya Yangambi, alimuuzia baba mkwe wangu bwawa lake. Lilikuwa bwawa dogo tu: kijito kilichozuiwa kwa tuta la udongo, kimo cha watu wawili, na nyuma ya tuta maji yaliyojaa samaki. Baba mkwe, ambaye sote tulimwita papa, alikuwa seremala Mwislamu, mtu wa zile familia zilizofika na biashara ya pembe za ndovu zamani za mababu. Aliacha nyumba yake ya mjini, mtaa wa Kabondo, akajenga kando ya bwawa, na tangu siku hiyo hakumwamini mtu.

Alikata michikichi yote iliyoota juu ya tuta, ili mwizi asipate pa kujificha. Kisha akaziba kwa mbao mfereji wa pembeni uliopitisha maji ya ziada mvua ikizidi, kwa sababu aliamini samaki wake wanatorokea huko na kuishia kwenye mitego ya jirani wa bondeni.

Mimi niliolewa katika nyumba hiyo miaka mitatu baadaye. Mume wangu alifanya kazi Yangambi na kurudi mara chache, kwa hiyo tulibaki mimi, papa na shaka zake.

Yule jirani wa bondeni alikuwa mzee mfupi kutoka Opala. Enzi za Mzungu ndiye aliyewasimamia vibarua waliojenga lile tuta. Asubuhi moja alikuja mlangoni, kofia mkononi.

"Papa, ukuta yako iko nalia," alisema. "Chini pale, kwa majani, maji iko natoka. Ondoa ile mbao, punguza maji kidogo."

"Halafu samaki waje kwako," papa akajibu.

"Bon, haya. Miye nimekuambia."

Alipoondoka, papa alinikataza kumpa mtu huyo hata kikombe cha maji. Alisema mzee anataka tumwage bwawa wenyewe ili yeye ashibe. Nilimwamini. Kila asubuhi nilimwona mzee akichutama mahali palepale chini ya tuta, akipapasa nyasi, na nilikuwa na hakika kwamba anatoboa tuta.

Siku moja nilishuka kumfumania. Alikuwa na chupa ya dawa inayoonyesha ndani. Aliijaza maji yaliyotoka kwenye nyasi, akaiweka juani.

"Ngoja," akaniambia.

Nilingoja nikiwa nimekunja mikono. Baada ya muda udongo mwembamba mwekundu ulitua chini ya chupa.

"Kama maji inatoka safi, haina neno," alisema. "Lakini hii inatoka na udongo. Donc, basi, maji iko nakula tuta kwa ndani. Mutu haoni, mpaka siku inaanguka."

"Kwa nini hukumwonyesha papa?"

"Angesema nimetia udongo miye mwenyewe."

Hata mimi nilikuwa nikiwaza hivyo. Kesho yake nilirudi peke yangu na chupa yangu mwenyewe. Udongo ulitua. Juma lililofuata ulikuwa mzito zaidi. Nilipompelekea papa chupa, aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nilipomtaja mzee, aliimwaga mlangoni bila kuiangalia.

Tulikuwa katika hali hiyo waasi waliopigana na serikali walipouteka mji. Miezi ile mtu aliweza kuchukuliwa na kuuawa kwa sababu ya redio, au viatu, au kujua kusoma. Mchana mmoja vijana sita walifika kwetu, wana mikuki na bunduki moja, wamemshika mzee. Mtu alikuwa amewaambia kwamba kila asubuhi anatia sumu ya chupa ndani ya maji. Mpaka leo sijui aliyesema ni nani. Nilimshuku papa, na sikuthubutu kumuuliza.

"Ni wewe njo mwenye maji," kiongozi wao alimwambia papa. "Huyu anafanya nini hapa kila siku?"

Papa alimtazama mzee, kisha akatazama chini. "Sijui anafanya nini," akasema.

Maneno hayo yalitosha kumuua mtu. Mzee alifumba macho. Sikumbuki nilitokaje jikoni, lakini nilisema kwamba chupa ni zangu, kwamba tuta ni bovu na tunapima udongo wake. Kiongozi akaniamuru ninywe. Nilishuka nao, nikachota maji ya chini ya tuta, nikanywa chupa nzima, mchanga ukinikwaruza meno. Tukakaa kungoja nife. Jua lilisogea. Mwishowe mmoja wao, amechoka na ana njaa, akauliza kama kweli bwawa lina samaki.

Walikwenda kufungua mlango mdogo wa mbao uliokuwa chini ya tuta, wa kukaushia bwawa. Mzee ndiye aliyewaelekeza waufungue polepole, maji yasije yakaibeba nyumba yake. Jioni walikuwa wakiokota samaki topeni kwa vikapu vyangu.

Waliondoka na samaki wakamwacha mzee, nasi tukashuka sote watatu. Upande wa ndani wa tuta, palipokuwa na kisiki cha mchikichi, kulikuwa na shimo. Papa aliingiza mkono hadi begani asifike mwisho. Kisiki kilikuwa kimeoza, na maji yalikuwa yamefuata mizizi.

"Ulijua?" papa akamuuliza.

"Ukikata muti kwa tuta, unatoa mizizi yote, unashindilia udongo," mzee alisema. "Weye uliacha. Nilikuambia ukuta iko nalia. Haukuniuliza sababu."

Papa hakuomba msamaha. Asubuhi alichukua jembe akaanza kulikata tuta katikati, lisizuie maji tena. Alifanya kazi hiyo peke yake siku nne. Mzee alisimama mbele ya nyumba yake akimtazama, na hakupanda kusaidia.

Kwenye tope la bwawa tulipanda mpunga, nao ulistawi. Tulipovuna, papa alinituma nipeleke kikapu cha kwanza bondeni. Mke wa mzee alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akakiweka nje kando ya mlango. Nilipopita tena baada ya siku tatu kilikuwa bado palepale, na kuku walikuwa wakiudonoa mpunga.