Afisa Aliyeziunganisha Shule za Tezo

Habari za kifo cha afisa mstaafu wa elimu zilinifikia nikiwa Gede nanunua ndimu, na sitawadanganya wasomaji wangu, sikuhuzunika. Tulifahamiana miaka mingi, tulikunywa kahawa pamoja, na kwenda kumzika nilikwenda. Lakini pale makaburini aliposifiwa kuwa mpenda watoto, niliinamisha kichwa nisije nikacheka mbele za watu.

Niliandamana naye siku alipoifunga shule ndogo ya binafsi huko Tezo, Kilifi. Mwenye shule alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kigiriama, aliyewafundisha watoto wa wakulima katika banda la makuti. Sheria mpya ilitaka shule za binafsi zisajiliwe upya, na zile ndogo ziunganishwe na kubwa. Afisa akatoa futi, akapima mlango, akapima madirisha. Daftari la mtoto hata moja hakulifungua.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema kwa adabu, maana mama yule ndiye aliyemfundisha kusoma. “Banda hili halikutimiza masharti. Watoto wataenda shule kubwa, ng’ambo ya barabara kuu.”

“Marahaba. Na hawa wa darasa la kwanza, barabara watavushwa na nani?”

“Hilo halimo kwenye fomu.”

Akapiga muhuri, tukaondoka. Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza kama amewahi kurudi Tezo. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kazi yake, alisema, ilikuwa kuunganisha shule, si kufuata watoto majumbani. Na mimi je? Jioni ile ile ya kufungwa shule nilikaa nikaandika katika safu hii kwamba hatimaye utaratibu umefika Kilifi. Niliisifu sheria kwa kuwa ilikuwa imeandikwa vizuri.

Baada ya maziko nilimkuta mwalimu yule nyumbani kwa marehemu, amekuja kumpa mjane mkono wa pole. Akaniuliza kama bado naandika. Nikasema naam.

“Basi andika kwamba watoto wangu kumi na mmoja hawakurudi darasani tena. Nawajua wote kwa majina, mwanangu. Wewe wamjua hata mmoja?”

Sikumjua.

Shule mbovu zipo, na sheria zahitajika, sikatai. Ila sheria isiyomtuma mtu kwenda kuona watoto wameishia wapi ni uvivu uliopigwa muhuri, nasi tunaoisifu kwa kalamu tukiwa tumekaa vitini ni wavivu kuwashinda walioitunga.