Jasho la Mtungi

Nyuma ya nyumba ya shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, pana duara kwenye ardhi. Si duara la kuchorwa. Limechimbwa kwa nyayo, kidogo kidogo, hata mvua ikinyesha maji hutuama humo kama kwenye sahani. Katikati pamebaki kisiwa kikavu, na hapo ndipo anapouketisha mtungi anaoufinyanga. Mtungi hauzunguki. Anazunguka yeye, kainama, anarudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, anaupandisha ukuta wa udongo taratibu kama mtu anayemvisha mtoto mchanga shati. Mtaani wanamwita Mama Duara. Walianza kwa kumcheka, jina likamganda, na sasa ukimwita jina lake la kuzaliwa anaangalia nyuma kuona nani ameitwa.

Mimi nilikuwa fundi viatu. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ambayo watu walifungia viatu vyao vibovu, kwa hiyo elimu yangu mpaka leo ina matundu pale karatasi ilipochanika. Lakini kitu kimoja nakijua bila gazeti, nacho ni unene. Nimepapasa ngozi kwa vidole maisha yangu yote nikitambua wapi imekonda na wapi itapasuka. Ila ngozi unaweza kuikunja ukaiona pande zote mbili. Mtungi mkubwa ukishaanza kufunga mabega, mkono wa ndani haumwoni tena mwenzake wa nje. Mikono miwili inasikilizana kupitia ukuta, na ukuta wenyewe ungali mbichi. Nimelitazama jambo hilo kutoka kwenye kigoda cha uani kwake tangu mdogo wangu alipohamia hapo, maana yeye ndiye aliyehamia kwa mke, na kwa hilo tulimtania miaka mingi. Sijalizoea. Mtu akiniambia amelizoea, najua hakutazama.

Zamani kila nyumba ilikuwa na mtungi kwenye kona yenye kivuli, na kata ya kuchotea maji imefunika mdomo. Zikaja ndoo za plastiki, yakaja madumu, yakaja majokofu. Sasa maji yananunuliwa ndani ya chupa, chupa inatupwa mtaroni, na mtaro ukiziba tunailaumu mvua. Viatu navyo wananunua vya kutupa. Mtu huvaa kiatu mpaka kinakufa bila kukipeleka kwa fundi hata siku moja, kama mzazi asiyejua mwanawe anaumwa wapi. Lakini ya kwangu nimeshayazika. Ya shemeji yalikuwa bado yana roho, na hilo ndilo lililoniuma siku nilipokuta rundo la kifusi mbele ya lango lake.

Jirani alikuwa amebomoa ukuta, na shemeji akakiomba kile kifusi chote.

"Cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kufukia shimo."

Shimo liko mwisho wa kiwanja chake, kwenye mteremko, na humo ndimo anamochimba udongo kama alivyochimba mama yake, na bibi yake kabla ya hapo.

"Ukishafukia, utafinyanga nini?"

"Usingizi, shemeji. Nitafinyanga usingizi. Magoti yamechoka kuzunguka kitu ambacho hakuna anayekiulizia habari."

Binti yake, ambaye anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kudurufu, alikuwa amemtafutia meza katika maonyesho ya wasanii. Shemeji alisema atakwenda, kwa kuwa mtoto ameshahangaika. "Wasinunue, sawa," akaniambia. "Lakini nikirudi bila hata mtu mmoja kuniuliza mtungi unafinyangwaje, Jumatatu kifusi kinaingia shimoni."

Huyu si mtu wa vitisho. Aliwahi kumwonya jogoo wa jirani kwamba akirudi tena kufukua udongo uliolowekwa, ataliwa. Jogoo akarudi, akaliwa, na jirani akaletewa paja.

Kabla ya maonyesho binti alikuja na kitambaa kirefu alichokichapisha dukani kwao. Akakikunjua uani. Kimeandikwa kwa herufi kubwa: Msanii wa Kujitegemea.

"Msanii nani?" shemeji akauliza.

"Wewe, mama."

"Mtu akikudanganya si mnasema amekufanyia usanii? Leo unaniandika kwenye kitambaa ili nijulikane?"

"Baba mkubwa, mwambie basi."

"Nimwambie nini?" nikasema. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyinyi mmekitembeza, na bendera juu."

"Kwani viatu vyako vilijiuza, baba mkubwa?"

Mtoto huyu ana ulimi wa marehemu baba yake.

Shemeji akakitazama tena kile kitambaa. "Hilo la kujitegemea liache," akasema. "Hilo ni kweli."

Jioni ya kabla ya maonyesho binti alipanga meza peke yake. Alitandika shuka jeupe, akaweka vyungu mbele na mitungi mitatu nyuma, na kila kimoja akakisimamishia kadi ndogo yenye maneno ya wino. Nilizisoma kesho yake asubuhi. Uzuri wa asili ndani ya nyumba yako. Mguso wa zamani, maisha ya leo. Nilimeza mate, nikasonga mbele.

Mimi na shemeji tulifika mapema, ukumbi ndio kwanza unafunguliwa, binti hajafika. Shemeji alipoiona ile meza alishtuka kama mtu aliyekuta wageni wameachwa bila kitu. "Vitupu vyote," akasema. Akaniomba ndoo. Bomba lilikuwa nje, karibu na mlango, nami nikachota na kuleta, nikachota na kuleta, naye akajaza. Mama yake alimfundisha kwamba chombo hakionyeshwi kitupu. Kitupu kinaweza kuwa na ufa kikanyamaza nao, lakini kilichojaa hakina pa kuuficha uongo. Hata mimi sikuona ubaya wa kuvijaza. Nilikuwa napumua kwa uzito wa ndoo na kujisikia kijana. Maji ya bomba yalikatika tulipobakiza mtungi mmoja tu, ule mkubwa kuliko yote. Ulikuwa umetoka motoni wiki ile, haujaonja maji.

Binti alipoingia, vyungu vilikuwa vimeanza kutoka jasho, kama ilivyo tabia ya udongo uliochomwa vizuri. Shuka lilikuwa limelowa. Kadi zimelala kifudifudi, wino umekuwa machozi ya buluu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimevijaza."

"Hii ni meza ya maonyesho, mama, siyo jikoni."

Kwenye meza ya pembeni alikuwapo kijana mnene wa mishumaa, mishumaa ya rangi na harufu, aliyoiyeyusha na kuimimina mwenyewe. Mtu wa maneno. Akanyoosha shingo. "Vyungu vyenu vinavuja. Vihamisheni kabla havijazima biashara yangu."

"Havivuji," shemeji akamjibu. "Vinatoka jasho."

"Jasho la woga?"

Hata binti alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Msimamizi wa ukumbi akaja, dada mwembamba mwenye beji kifuani, macho yake yote kwenye sakafu. Nilijua tunafukuzwa. Badala yake alikwenda kwenye mgahawa wa ukumbi akarudi na masinia ya bati. "Wekeni chini yake," akasema. "Mtu akiteleza hapa, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Watu wakaanza kupita. Walikuja wengi, sikatai, kitambaa cha binti kilikuwa kinawaita. Na walikuwa na maswali. Hiki cha nini? Kinapasuka? Kipo cheusi? Mzee mwenzangu, mvi zake nyeupe kuliko zangu, mtu aliyekunywa maji ya mtungi utotoni kama mimi, aliuliza kama ule mtungi mkubwa unafaa kwa kuwekea miavuli.

"Mwavuli nao unaona kiu?" shemeji akamuuliza. Mzee akacheka, akaenda zake.

Mchana ukafika. Hakuna aliyeuliza unafinyangwaje. Shemeji alikuwa ameketi, mikono mapajani, viganja juu, anaitazama kama vyombo vya mtu mwingine.

"Kifusi kile kitatosha kweli?" akaniuliza.

Nilitaka kusema hakitatosha, lakini hata mtoto angejua kwamba kinatosha na kubaki.

Saa za alasiri maji yalirudi. Tulisikia bomba likikohoa huko nje. Shemeji akainuka, akachukua ndoo. Binti hakumzuia. Nadhani aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba mama yake anataka tu kumaliza kazi aliyoianza kabla ya kwenda nyumbani. Tukauteremsha ule mtungi mkubwa sakafuni, kwenye sinia, na shemeji akaanza kuujaza.

Nieleze hapa kwa utulivu, maana nimesoma watu wengi wanaotia chumvi.

Mtungi mpya mkavu ni mwekundu wa kufifia. Ukilowa unakolea. Maji yalipoingia, baada ya muda si mrefu, chini kabisa kwenye kitako pakatokea rangi iliyokolea, ikauzunguka mtungi wote. Kisha ikaanza kupanda. Ilipanda polepole, kama kivuli kinavyopanda ukutani jua likishuka, na ukingo wake wa juu ulikuwa umenyooka. Nilichuchumaa. Nikauzunguka mtungi mzima nikiwa nimechuchumaa, mtu wa umri wangu, nikitafuta mahali ukingo ule ulipopinda. Pangekuwa na mahali ukuta umenenepa kwa unene wa ukucha, unyevu ungechelewa hapo. Pangekuwa na mahali umekonda, ungetangulia. Haukuchelewa wala kutangulia. Ulikwenda sawa pande zote, ukapita tumboni ambako mtungi ni mpana kuliko kukumbatia kwangu, ukafika mabegani, kule ambako mkono wa ndani ulikuwa gizani. Na hapo hapo jasho likaanza kuchomoza, vitone vidogo vilivyolingana, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi.

Nilitambua kwamba miaka yote ile nilikuwa natazama mikono. Sikuwahi kuona ilichokuwa inakifanya. Na yeye mwenyewe hakujua kwamba kinaonekana. Kwake mtungi kutoka jasho sawasawa ni kama mlango kufunguka.

Nilipoinua kichwa, binti alikuwa amesimama na simu yake mbele ya uso, anarekodi, mdomo wazi. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama. Simu siipendi, lakini siku ile mkono wake haukutikisika, na kazi ya mkono usiotikisika naiheshimu.

Kijana wa mishumaa alikuwa ameacha meza yake. Akaweka kiganja kwenye bega la mtungi, akakiondoa, akakitazama kilivyolowa.

"Mama," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "unapimaje?"

"Sipimi. Nazunguka."

"Mimi namimina nta kwenye kalibu ya chuma, na bado upande mmoja unakonda. Wewe unazunguka tu?"

"Nazunguka mpaka mtungi wenyewe uniambie basi."

"Na udongo ni udongo huu huu wa kawaida?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza shemeji swali hilo. "Udongo mtupu unapasuka motoni," akasema. "Lazima utwange magae ya vyungu vilivyovunjika, uchanganye. Mimi natwanga vya mama vilivyovunjika. Mama alitwanga vya bibi. Bibi sijui alitwanga vya nani, lakini alitwanga." Akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole, nao ukaitika kwa sauti nzito ya maji. "Kwa hiyo humu wamo wote."

Nilikuwa nimemwona akitwanga magae tangu ujana wake. Nilidhani anabana matumizi.

"Naweza kuja kutazama?" kijana akauliza.

"Kwa macho au kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Njoo na nguo mbaya."

Dada wa beji naye akauliza kama inaruhusiwa kunywa. Binti akamchotea kwa kikombe alichokuja nacho. Alikunywa, akanywa tena, kisha akauliza shimo la udongo liko wapi na kama na yeye anaweza kufika siku ya mapumziko. Binti akageuza kadi moja iliyolowa, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya mkono: Mtungi. Una maji. Gusa. Katika maneno yote ya biashara niliyoyasoma maishani, hayo sikuyatemea mate. Na watu waligusa. Mpaka ukumbi unafungwa walikuwa wanagusa, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu.

Jumatatu asubuhi shemeji alinigongea dirisha.

"Una koleo?"

Neno lake ni neno, na nilijiambia labda maswali yale hayakumtosha. Nikachukua koleo nikamfuata mpaka langoni, tukaanza kupakia kifusi kwenye toroli. Tukalisukuma kupita uani, kulipita lile duara, mpaka penye mteremko. Hapo akasimama, akashika toroli upande wake, akalipindua. Kifusi hakikuingia shimoni; kilimwagika njiani, juu ya utelezi unaoshuka humo.

"Sambaza vizuri, shemeji," akasema, tayari ameinama anachagua vipande vya kukanyagia. "Yule wa mishumaa ni mnene. Akidondoka humo tutamtoa na nini?"