Tumbo la Mpima Macho

Chumba cha kupimia macho kina upana wa mlango mmoja na nusu. Ndani mna viti viwili, taa na ubao wa herufi. Mlango ukifungwa na taa ikizimwa, magoti ya mpimaji na ya mteja yanasalimiana, na siri zote za mwili zinakuwa mali ya umma. Humo ndimo Robo alimofanya kazi miaka kumi na tisa bila kuaibika.

Jina la Robo alibandikwa na wateja, kwa sababu lenzi zake hupanda robo kwa robo, wala hajawahi kuruka hatua. "Bora hivi... au hivi?" Ukisema zote sawa, anarudia, kwa subira ya mtu anayelipwa kwa mwezi. Umakini wake, hata hivyo, uliishia mlangoni. Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kinakaribia kusimama chenyewe.

Daktari akaipiga marufuku. Sukari ya damu ilikuwa imepanda.

Robo aliomboleza siku mbili. Siku ya tatu akaona dukani chupa ya shira ya mizizi, utamu wa kutia mahali pa sukari, imeandikwa kwa herufi za kijani: ASILI TUPU. Akaokoka papo hapo. Watu wana imani ya ajabu na mimea. Wanasahau kwamba hata upupu ni mmea. Akamimina shira kwenye chai, kwenye uji, mpaka kwenye maji ya kunywa. Wiki haijaisha, alikuwa kwenye chupa ya tatu.

Ndipo tumbo likaanza kuhutubia.

"Mama, soma mstari wa tatu," alimwambia bibi mmoja gizani.

"Nisome, mwanangu, au nimsubiri huyo amalize?"

"Nani, mama?"

"Huyo aliye chini ya shati lako."

Kama yangekuwa makelele tu, ingekuwa heri. Yaliyofuata hayakuwa na sauti. Wateja wakawa wanasoma herufi mbiombio, wengine kwa kubahatisha, ili mradi watoke. Mmoja alitangaza kwamba anaona vizuri bila miwani, akajigonga kwenye mlango akikimbilia hewa.

Mwenye duka la miwani, bosi wake, akamwita. "Ijumaa ya wiki ijayo anakuja meneja wa mabasi kupimwa. Akiridhika, ataleta madereva wake wote sitini. Asiporidhika, chumba hiki nakifanya stoo ya maboksi. Na wewe, ndugu yangu, sina boksi la kukutosha."

Robo akakimbilia kwa dada yake, fundi wa maabara. Huyu dada hushinda akitazama vinyesi vya watu kwa darubini, na hajawahi kukosa hamu ya chakula cha mchana.

"Dada, nakufa."

"Hufi. Unanuka tu. Unakula nini?"

Akamwonyesha chupa. "Asili tupu," akajitetea.

"Vijiko vingapi kwa siku?"

"Sipimi."

"Hupimi! Wewe unayenikalisha saa nzima kwa ajili ya robo ya lenzi?" Dada akasonya. "Sikiliza. Utamu huu una nyuzinyuzi ambazo tumbo lako haliwezi kuzisaga. Zinateremka nzima mpaka utumbo mpana. Kule bakteria wanangoja. Wakila, wanatoa gesi."

"Basi niwaue!"

"Uwaue? Hao ni walinzi wako, na chakula hiki kinawafaa. Ila umewafungulia ghala lote kwa siku moja."

"Bora nirudie sukari, kazi ibaki."

"Kazi ibaki, macho yaende?"

Robo alikuwa amewapima wengi ambao sukari iliwala macho mpaka hawaioni hata herufi ya juu kabisa, iliyo kubwa kama sahani. Akakubali masharti: robo kijiko kwa siku, na asiongeze mpaka wadudu wazoee.

Ijumaa ikafika, na meneja naye, mama mwenye sauti ya honi. Mlango ukafungwa. Taa ikazimwa. Lenzi ya kwanza tu, ngurumo ikapita chumbani kama lori la kokoto. Robo akafumba macho, akayaona maboksi yakiingia. Kisha akajipapasa tumbo. Limelala fofofo.

"Samahani, daktari," ile honi ikasema kwa unyonge. "Ni mimi. Nimeacha sukari, natumia kitu cha mizizi."

"Unapima?"

"Nipime cha nini? Si cha asili?"

Robo akaufungua mlango, na kabla ya kurudi kwenye lenzi akamweleza yote: wadudu, ghala, robo kijiko. Mama akasikiliza kama anayesomewa hukumu na kuachiwa huru.

Mama alipomaliza kupimwa na kutoka, mwenye duka alikuwa kwenye kaunta akijifanya anafuta miwani.

"Madereva nitawaleta wote," meneja akasema. "Lakini watu wangu nawajua wanavyokula. Kile chumba kitobolewe dirisha kwanza."

Mwenye duka akapiga simu kwa fundi mwashi hapo hapo, mama wa watu akiwa hajafika hata kwenye gari lake.