Bibi Nyamizi na Mume Wake wa Darasa la Kwanza

Kicheko kile bado nakisikia, mwanangu. Kicheko cha watoto wa darasa la kwanza, wengine hata meno ya mbele hawana, kikipanda mpaka kwenye bati na kurudi chini. Nilikuwa nimesimama nje dirishani, na mimi nikacheka. Mwalimu naye alicheka, kwa upole tu, akajifuta macho kwa kanga yake. Mmoja peke yake hakucheka, na ndiye ninayetaka kukusimulia.

Najua utaniangalia useme, huyu naye ananiita mwanangu, mvi ziko wapi? Nivumilie. Mvi sina, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini jambo hili lilinizeesha kidogo, na ninakupa kama nilivyolipata.

Tulikuwa tunakaa Ipuli, hapa Tabora, watu watatu ndani ya nyumba moja. Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Nyamizi. Mimi, binti wa cherehani, niliyekuwa naota duka langu lenye kioo mbele. Na Shija, mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alituacha Shija akiwa hajaota hata jino. Mama alimlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji wa ulezi, akambeba mgongoni mpaka mtoto akawa na miguu mirefu inayoning'inia kama ya mtu aliyepanda baiskeli ya kuazima.

Unaujua utani wetu wa bibi na mjukuu. Mjukuu wa kiume ni mume, bibi ni mke, na hakuna anayeuliza. Lakini wale wawili waliucheza kwelikweli. Asubuhi Mama anamwamkia, "Wangaluka, mume wangu!" Na Shija, bado amejifunga shuka, anajibu kwa sauti nzito ya kujilazimisha, "Mke wangu, chai iko wapi?" Kuku akitaga, Shija anaitwa aokote yai, kwa sababu ndiye mwenye nyumba. Mama akinyamaza kidogo, kijana anauliza, "Nani kakuudhi, nikampige?" Mimi nashona huku nacheka mpaka mshono unakwenda upande.

Wenzake walipopelekwa darasa la awali, Mama alisema huyu bado mdogo. Mwaka uliofuata akasema hivyo hivyo. Mwishowe mwenyekiti wa mtaa akaja mwenyewe, akapewa kigoda.

"Bibi, mtoto amefika umri. Shule zikifunguliwa aingie darasa la kwanza."

"Haya. Aende asubuhi, saa nne mnirudishie."

"Bibi, shule siyo kwenda kisimani. Jumatatu mpaka Ijumaa, anatoka saa nane."

"Sasa mimi mpaka hiyo saa nane nakaa na nani?"

Mwenyekiti akacheka. "Mumeo kapata kazi ya serikali, bibi. Wenzako wanaililia!"

Basi nikamshonea sare, kaptula nikaiachia pindo refu ili imfae na mwaka wa pili. Siku ya kwanza nikampeleka mimi. Mwalimu akawasimamisha mmoja mmoja, kila mtoto aseme jina lake na anaishi na nani. Zamu ya Shija ilipofika alisimama wima, kifua mbele.

"Naitwa Shija. Naishi na mama mdogo, na mke wangu."

Ndiyo kile kicheko.

Nyumbani nilimhadithia Mama huku nimeshika mbavu. Mama akapiga makofi, "Jamani, kanitangaza mpaka shuleni!" Shija akapita katikati yetu, akaenda kuvua sare. Hatukumwangalia vizuri, mwanangu. Mtu mzima akiwa anacheka haoni mbali.

Wiki ile yote watoto walimwandama njiani. "Bwana harusi! Bibi harusi hajambo?" Ijumaa alirudi kola imechanika, kifungo hakuna. Mama alikuwa uani anachambua maharage.

"Karibu, mume wangu. Pole na kazi."

Shija akasimama. "Usiniite hivyo. Mimi siyo mume wako. Wewe ni bibi tu."

Mama hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, lakini nikaona anatupa mawe na maharage mazima pamoja.

"Haya," akasema. "Haya, Shija."

Kwa jinsi nilivyozoea, ilikuwa kama amemwita mtoto wa jirani. Lile jina sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake kwa mtoto yule.

Jumatatu mtoto akagoma. Alishika mguu wa kitanda, nikamvuta, nikambembeleza, nikamwahidi andazi, wapi. Nilipochoka akaachia mwenyewe, akamwendea Mama akamshika kanga.

"Nikibaki nyumbani, nitakuwa mume wako tena. Kila siku. Na sitaki andazi."

Nilimwangalia Mama. Mwanangu, alitaka. Nakwambia nilimwona. Uso wake ulifunguka wote, kama mtu anayerudishiwa kitu alichokwisha kukililia. Na angesema neno moja tu, baki, ingekuwa imekwisha. Mwenyekiti angekuja, angepewa kigoda, na mtoto angebaki. Mimi ndani ya nyumba ile sikuwa na sauti mbele yake. Alimshika kichwa yule mtoto, akakaa hivyo mpaka nikaanza kusikia wanafunzi wengine wakipita barabarani.

"Nileteeni viatu vyangu," akasema.

Goti lake lilikuwa bovu, tukatembea polepole, Shija katikati. Tulipofika ile njia ya zamani, ambayo wazee husema misafara ilipitia, Mama akaniambia kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Hapa ndipo mabibi zetu waliwaaga waume zao wakibeba mizigo kwenda pwani. Mtu analima peke yake, anavuna peke yake, mume hajarudi. Wengine hawakurudi kabisa. Mimi wangu anakwenda hapo tu, halafu nimfungie mlango?"

Getini kitoto kimoja kikapiga kelele, "Bibi harusi kaja!" Mama akakiita kwa mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Juma."

"Juma, na bibi yako anakuitaje nyumbani?"

Juma akachorachora chini kwa kidole cha mguu. Jibu lilitoka dogo sana. "Mume wangu."

"Vizuri. Basi hayo yakae nyumbani, yasije yakachafuka na vumbi la hapa. Huku huyu ni Shija." Kisha akamshika Shija mkono, akauweka kwenye mkono wa mwalimu aliyekuja getini kuwapokea. "Nimekuletea mjukuu wangu."

Shija akaingia darasani. Mama hakugeuka mpaka mlango ulipofungwa. Njiani akaomba tupumzike, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Mama, si atarudi saa nane?"

"Atakayerudi ni Shija," akasema. "Yule mwingine nimemwacha pale."

Na ndivyo ilivyokuwa. Shija alirudi na hesabu, na nyimbo, na marafiki, Juma akiwa wa kwanza. Alimpenda bibi yake, akamsomea hata maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Lakini utani ule haukurudi tena, na Mama hakuuomba. Alifariki Shija akiwa darasa la tano. Sasa kijana yuko sekondari, Igunga, na anaandika vizuri kuliko mimi.

Mwanangu, umri wa mtoto wako ukifika, mpeleke. Usimfanye dawa ya upweke wako, hata kama yeye mwenyewe anajitolea kuwa dawa. Ukitaka kulia, lia, ila mwache kwanza aingie darasani. Kabla ya siku hiyo, kaa naye umweleze kwamba nyumbani tuna maneno yetu, na nje kuna maneno ya nje, na hakuna la aibu kati ya hayo. Akirudi na jambo la kuchekesha, mwangalie usoni kabla hujacheka. Na umkumbuke aliyebaki uani. Watu wote humuuliza mtoto, vipi shule? Hakuna anayemuuliza bibi, vipi nyumbani?

Mungu akujalie watoto wanaoondoka asubuhi na kurudi jioni. Akupe mikono ya kuwaachia na mikono ya kuwapokea, na uzee wako usikose wa kuzungumza naye.

Na mimi, mtoto wangu mdogo ameanza darasa la kwanza wiki hii. Jana nilimfikisha, nikarudi, nikakaa kwenye cherehani, mguu ukakataa kukanyaga. Mtaa ulikuwa kimya. Nikachemsha viazi, nikavifunika kwenye bakuli, nikavuka barabara hadi kwa mama mmoja mzee ambaye mjukuu wake ameanza pamoja na wangu. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa. Nikapiga hodi, nikasubiri.