Kidole cha Namba Kumi

Fainali ni Jumamosi, na mwanangu atacheza. Nasema mapema kwa sababu wiki hii yote watu wa Kimulot wamekuwa wakilijadili jambo hili mbele yangu kana kwamba sipo: dukani, nje ya kanisa, hata kwenye foleni ya kupima majani ya chai. Atacheza. Mwenye neno aje aniambie mimi, nyumbani kwangu panajulikana.

Tunakutana na Silibwet, na siwadharau. Beki wao wa kati ni kijana mrefu asiyejua kucheka, na kipa wao anadaka mipira ya juu kwa mkono mmoja. Mchezo wao ni wa nguvu: wanaupiga mpira mbele, kisha wanaukimbilia wote kama ng'ombe waliofunguliwa. Sisi hatuna vijana warefu. Tuna kipa mzuri, mtoto wa rafiki yangu. Tuna mawinga wawili wenye mapafu ya kupanda mlima. Na tuna namba kumi, ambaye mimi ndiye niliyemzaa. Mpira wetu wote unapitia kwake. Akiupata anainua kichwa kwanza, winga anaanza kukimbia, na mpira unamkuta huko huko mbele. Yeye akikaa benchi, tunabaki na watu kumi na mmoja wanaofanya mazoezi ya mbio. Hata wasiompenda wanalikubali hilo.

Wasiompenda ni wengi, na sababu yao ni mashine.

Kwa miaka mingi mimi na wanawake wenzangu tulichuma chai kwa mikono katika shamba la kampuni. Unalaza fito juu ya vichaka ili uone pa kuchuma, unachukua majani mawili na chipukizi, unarusha kapuni nyuma ya mgongo bila kugeuka. Ukizoea, mikono inafanya kazi na mdomo unapiga hadithi. Halafu zikaja mashine za kuchuma. Watu wawili wanaishika huku na huku, mfuko mrefu unafuata nyuma, na safu ambayo tungeichuma asubuhi nzima inakwisha kabla ya chai ya saa nne. Tukaambiwa tupumzike kidogo, tutaitwa. Hatujaitwa. Nilirudi kwenye kashamba kangu mwenyewe na hasira ambayo iko mpaka leo, wala siifichi.

Aliyeitwa ni mwanangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani mpaka nikachoka kumwona akikaa. Kampuni ilitaka vijana wa kushika mashine. Alikuja kuniuliza, akasimama mlangoni mwa zizi, hata kuingia hakuingia. Nilimaliza kukamua ng'ombe kwanza, ndipo nikamjibu: kazi ni kazi, nenda. Si yeye aliyeileta, na angekataa wangeishika wengine. Neno hilo sijalijutia. Lakini wenzangu tulioachishwa pamoja walisema kikulacho ki nguoni mwako, na walilisema nikisikia.

Basi tukafika nusu fainali, tukacheza na Kedowa. Wanawake wetu walijipanga kando ya uwanja kama kawaida yao, leso kiunoni. Kila mwanangu alipogusa mpira, walitetemesha midomo kwa pamoja: vrrrrrr. Sauti ya mashine. Watu wakacheka, wa kwetu na wa Kedowa. Nilikuwa nimesimama katikati yao, masikio yakiwaka moto. Yeye alicheza tu, kama hasikii. Karibu mpira kuisha akapiga frikiki, ikaingia kona ya juu, tukaongoza. Wenzake walipomkimbilia aliwakwepa, akaja mpaka mbele ya wanawake wale, akaweka kidole mdomoni.

Uwanja ulipoa. Najua vijana wameiona ishara hiyo kwenye televisheni na kwao ni mchezo tu. Kwetu, kijana hawaambii mama zake wanyamaze. Mmoja wao, mama yake kipa wetu, alimnyonyesha mwanangu nilipokuwa nimelazwa hospitalini baada ya kujifungua. Ndiye aliyeonyeshwa kidole cha karibu kabisa.

Baada ya ibada siku iliyofuata walimwendea kocha, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa kuogopa kelele. Walimwambia achague: yule kijana au wao. Mtu wa nje anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Bila wao hakuna wimbo, hakuna uji baada ya mechi, na hakuna wa kuwavika washindi sinendet, ule mmea wa kutambaa tunaowavisha watu wetu wanapotuletea heshima. Timu isiyosindikizwa na mama zake inaonekana kama imefukuzwa kwao. Kocha akamwambia mwanangu ajiandae kwa benchi.

Mwanangu alinipa habari hiyo huku akivua buti, kama mtu anayesimulia mvua.

"Heri nikae tu, mathe. Sitaki shida na watu."

"Nani amekudanganya shida itaisha ukikaa?" nikamuuliza. "Wewe ukikaa benchi, umekubali ulifanya makosa kwenda kazi. Na mimi niliyekutuma nimekubali pia."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Kidole utakiombea msamaha. Mashine hapana."

Akaniangalia. "Lakini hawajakasirikia kidole. Wamekasirikia mashine."

"Ninajua. Ndiyo maana utaomba la kidole peke yake. Wabaki na hilo lingine mikononi waliangalie vizuri ni la nani."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini sikwenda kumlilia mtu. Kesho yake nilienda kwa mama kipa na kapu langu mgongoni. Huku kwetu humkuti mtu kwenye chai yake ukasimama pembeni na mikono mitupu. Unaingia safu ya pili, unachuma naye, na majani unayaacha kwenye kapu lake. Ni adabu, na tena inasaidia, maana mnaongea huku macho yako kwenye majani. Mengi ambayo singeyasema nikimtazama usoni nimeyasema kwenye chai.

Tulichuma hadi katikati ya safu.

"Huyo kijana ako na kichwa ngumu," akasema hatimaye.

"Ameitoa kwangu."

"Hiyo najua. Lakini alituambia tunyamaze. Mimi, aninyamazishe mimi?"

"Atakuja kuomba msamaha. Mbele ya wote."

Mikono yake haikusimama. "Na hiyo mashine yake?"

"Mashine si yake. Ingekuwa yake ningekuwa nimeiuza nikanunua ng'ombe."

Alicheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Nilijaza kapu lake, nikaaga.

Jumatano jioni wanawake walikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani, nami nikiwa kati yao, wamemwaga chai yao mezani wakitoa majani magumu kabla lori halijafika. Mwanangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na buti za kampuni miguuni. Nilitamani angezivua, halafu nikafikiri, la, aje nazo. Akavua kofia.

"Mama zangu, kile kidole nilikosea. Sikuwa na haki ya kuwanyamazisha. Naomba mnisamehe."

Walichambua majani. Mmoja aliye mkubwa kuliko sisi sote, aliyenifundisha kulaza fito, akauliza bila kuinua kichwa, "Na ile mashine?"

"Ile ni kazi, mama. Hiyo sina njia ya kuiombea msamaha."

Nilimfundisha maneno hayo mimi mwenyewe, lakini kuyasikia mbele ya watu ni jambo lingine.

Mama kipa akapangusa mikono. "Ya kidole imeisha," akasema. Ya mashine hakuitaja, wala hakuna aliyeitaja. Mwanangu akashukuru, akavaa kofia, akaenda mazoezini asijue kama atacheza au hatacheza. Mimi pia sikujua.

Lori lilichelewa, na hapo ndipo alipofika mama anayetuuzia ndizi. Kwao ni Gusii, lakini amekaa nasi miaka mingi na anazunguka masoko yote. Siku hiyo alikuwa ametoka Silibwet. Alitua mzigo wake, akatutazama kama mtu mwenye kitu kitamu mdomoni.

"Nyinyi mnajua huko Silibwet wanafanya nini? Wanafundisha watoto ile sauti yenu. Vrrr, vrrr, soko mzima. Wanasema Jumamosi watakuja na pawa, ile mashine ya kukata miti, waiwashe kando ya uwanja kijana akishika mpira."

Mikono yote ilisimama. Sijawahi kuona meza ya majani ikitulia hivyo.

"Wao?" akasema yule mkubwa. "Wao waliachishwa kazi lini?"

"Bado wanachuma na mkono kwa mashamba yao," akasema mwingine. "Mashine imewakosesha nini?"

"Wanatucheka sisi," akasema mama kipa polepole. "Wakipiga hiyo kelele si kijana wanacheka. Ni sisi tuliofutwa."

Hapo maneno yalimwagika. Kwamba ile sauti ina wenyewe. Kwamba kijana ni wao wa kumtukana, si wapita njia. Kwamba kama ni pawa, waje nayo, itazimwa kwa nyimbo. Mimi sikuchangia neno. Kuna wakati mtu mwenye mdomo kama wangu lazima aufunge, na niliufunga kwa nguvu. Kabla lori halijapakia, mama kipa alikuwa amempigia kocha simu na kumwambia namba kumi aanze, na aanze dakika ya kwanza. Kocha akasema hata yeye alikuwa amefikiria hivyo.

Sijidanganyi kwamba wamemsamehe. Tukipoteza Jumamosi, Jumapili itakuwa kosa la mashine. Tukishinda, watamvika sinendet, na Jumatatu atashika mashine tena na wao watamwona akipita nayo. Hilo nimelipokea. Ninachotaka ni aingie uwanjani na kichwa juu, na mama zake wakiwa upande wake wa laini.

Nilirudi nyumbani pamoja na mama kipa, makapu matupu mgongoni. Pale tunapoachana akasimama.

"Nikuulize. Wewe mwenyewe, hiyo mashine umeisamehe?"

"Bado," nikamwambia. "Ilichukua kazi yangu. Lakini mtoto sitaipa."

Aliangalia njia ya kwake. Kisha akaniambia Jumamosi tutoke mapema, tupate mahali pa mbele.