Rivolva Iliyobaki Hallonbergen

Harufu ya mafuta ya kusafishia silaha, iliyochanganyika na ukali wa baruti iliyoungua, ndiyo iliyotawala jikoni mwetu Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm, katika mwaka niliotimiza umri wa miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa akirudi kutoka uwanja wa shabaha ulio upande wa Hässelby, akitandaza gazeti mezani, kisha akiisafisha rivolva yake: mtutu mfupi usiozidi kiganja, mpini wa mpira, na matundu ya risasi mapana kiasi cha kupokea ncha ya kidole changu. Aliwahi kunichukua nimwone akiifyatua. Ijapokuwa nilivaa vikinga masikio, mshindo wake niliusikia kifuani kwanza. Mikono ya Baba iliruka juu, ulimi wa moto ukachomoza, na karatasi ya shabaha ikatoboka pembeni kabisa. "Mtutu mfupi haulengi, unatisha," akasema akicheka. "Na dubu kumtisha kunatosha."

Dubu ndiye aliyekuwa sababu ya kununuliwa kwa rivolva hiyo. Baba alikulia karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako mgeni haingii msitu wa masokwe bila mlinzi mwenye bunduki. Akaamini, kwa mantiki timamu lakini ya nchi nyingine, kwamba mtembeaji wa milima ya kaskazini mwa Uswidi naye hujilinda vivyo hivyo. Ndipo mzee mmoja wa klabu yake ya shabaha alipomweleza, bila kupandisha sauti, kwamba leseni yake ni ya mchezo: silaha hutoka sefuni kwenda uwanjani, na kutoka uwanjani hurudi sefuni. Mama hakuhitaji maelezo. Alikuwa amekimbia vita, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliikubali rivolva chini ya paa lake kwa sharti hilohilo. Isitoshe, maombi yetu ya uraia yalikuwa bado hayajajibiwa, na kosa moja mbele ya polisi lingeweza kutufungia mlango.

Asubuhi ya safari yetu ya Agosti kwenda milimani, baba mdogo Amani alikuja kutupeleka stesheni. Alimkuta Baba amesimama mbele ya sefu, ufunguo mkononi.

"Yaya," akasema, kwa jina ambalo kwetu mdogo humwitia mkubwa wake, "utamwendea dubu mikono mitupu? Ifunge ndani ya blanketi. Tahadhari kabla ya hatari."

"Leseni hairuhusu."

"Dubu atakuuliza leseni?"

Nilicheka, kisha nikajuta, kwa kuwa nilimwogopa dubu huyo kuliko polisi wote wa Stockholm na nilitamani silaha ichukuliwe.

"Baba Furaha," Mama akamwita kwa jina langu kutoka mlangoni.

Baba alinitazama mimi, si yeye. "Bastola nikinyang'anywa, nitanunua nyingine," akamwambia mdogo wake. "Huyu akikosa nchi, nitamnunulia wapi? Beba mizigo, Amani, acha siasa."

Huko kaskazini, kwenye njia nyembamba iliyopita kati ya misonobari, tulikuta kinyesi kibichi cha dubu, kimejaa mbegu za matunda ya msituni. Baba alipeleka mkono kiunoni, pasipokuwa na kitu. Mama, ambaye katika treni za Stockholm alikuwa amejifunza kunong'ona, akapaza wimbo wa kanisani mpaka ndege wakaruka. Baba akaitikia kwa besi. "Sema, Furaha, sema chochote!" Nami, niliyezoea kuwajibu kwa Kiswidi, nikapiga kelele za Kiswahili: majina ya shangazi zangu, vituko vya darasani, ugomvi wa jirani zetu wa ghorofa ya pili. Tulipofika kwenye kibanda cha wasafiri sauti zilikuwa zimetukauka. Dubu hatukumwona.

Uraia tuliupata. Baba aliiuza rivolva kwa mwanaklabu mwenzake, na hadi leo huiulizia kama mtu anayemuulizia rafiki aliyehama. Mimi sasa najua kutoka vitabuni alichokitenda Mama bila kukisoma: dubu humkwepa binadamu anayesikika. Wanangu wamezaliwa na pasipoti ambayo sisi tuliingoja. Hawaoni ajabu yake, na sioni sababu ya kuwalaumu. Kila kiangazi nawapeleka milimani, na tukiingia msituni nawaamuru waseme Kiswahili, tena kwa sauti.

"Mama, dubu wa huku hawajui Kiswahili," wananiambia.

"Ndiyo maana watatupisha," nawajibu, nasi tunasonga mbele.