Tiketi ya Madame Lucie

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, mtaa wa Ganshoren, nikiwa na bakuli la supu mkononi.

Namtunza Madame Lucie, bibi wa Kibelgiji wa miaka tisini na minne. Baba yake aliuza tiketi za reli ya Waingereza hapa Brussels, na bibi hunisimulia kila siku, hadi kampuni ile naijua kuliko ukoo wangu. Vilikuwa vikampuni vya kubeba makaa ya mawe, vikaunganishwa kuwa kampuni moja kubwa, ikawa na meli zake za kuvuka hadi Antwerp. Baada ya vita serikali ya Uingereza ikaimeza, jina likafutwa.

Alhamisi hiyo bibi alikuwa anahema kwa shida, na daktari alishaniambia nijiandae. Mlango ukagongwa. Sisi watu wa Bukavu, mlango ukigongwa mdomo hujibu kabla ya akili.

"Karibu!" nikaita.

Akaingia mzungu mwenye koti jeusi la vifungo vya shaba, sare ileile ya kwenye picha za baba yake bibi. Mlango, niamini, haukufunguka. Chumba kikanuka moshi wa makaa. Akatoa tiketi yenye jina la bibi: kwenda tu, bila kurudi.

Niliogopa? Sana! Lakini hasira ilinizidi. Miaka sita nchi hii ilinizungusha kwa makaratasi ya ukaazi. Nani wa kunifundisha kukagua karatasi? Nikampokonya tiketi, nikaigeuza kutafuta mhuri wa serikali. Hamna. Nikamtolea Kiswahili cha kwetu:

"Bon, papa, iyi tiketi haiko valable, haifai kitu! Compagnie yako ilikufaka zamani, État ikaikamata. Cachet, mhuri ya État, iko wapi? Alors, Madame hataenda fasi yoyote. Toka!"

Akainama kuitazama, akaona haya kama karani aliyekosea. Akafifia palepale, na tiketi yake.

"Supu imepoa," Madame Lucie akalalamika nyuma yangu. Nililia kwa furaha.

Huu mwezi wa tatu, bado analalamika. Vidole vyangu viwili vilivyoshika tiketi havisikii moto wala baridi, na daktari haelewi. Najua yule bwana atarudi na karatasi iliyokamilika. Arudi tu, atanikuta mlangoni.

Nawe, akija kwako kumchukua mtu wako, usiitetemekee sare. Mwulize mhuri.